Je, Wajua? Kanda Zilizofutwa, Vicheko vya Sandukuni na Hamu ya Televisheni ya Zamani

Mwaka 2023 Wamarekani walitazama tamthilia ya mawakili iitwayo Suits kwa dakika bilioni 57.7 kupitia majukwaa ya mtandaoni. Zigeuze dakika hizo kuwa miaka, utapata karibu miaka 110,000 ya kukaa kwenye kochi. Na tamthilia yenyewe ilikuwa imeshamalizika tangu 2019, hakuna sehemu mpya hata moja ya kusubiri. Rekodi iliyovunjwa nayo ilikuwa ya kipindi kingine kilichokwisha kuzikwa: The Office, kichekesho cha maisha ya ofisini kilichoisha 2013, ambacho kilitazamwa dakika bilioni 57.1 mwaka 2020, wakati ofisi zenyewe zimefungwa kwa sababu ya korona.

Kwa hiyo usishangae kusikia kwamba Netflix iliripotiwa kulipa dola milioni 100 ili tu iendelee kuwa na Friends kwa mwaka 2019, kipindi kilichoanza 1994. Baadaye wenye mali yao waliichukua kwa ajili ya jukwaa lao la HBO Max, kwa bei iliyotajwa kuwa dola milioni 425 kwa miaka 5. The Office nayo ikaondoka Netflix kwa dola milioni 500. Kipindi kipya humvuta mteja mlangoni, lakini kile alichokiona mara 6 ndicho kinachomfanya asifute usajili mwisho wa mwezi.

Ila kila kipindi cha zamani unachoweza kukiona leo kina kisa cha jinsi kilivyonusurika. Ukivichunguza visa hivyo utakuta ubora wa kipindi ulihusika kidogo sana. Waliohusika ni wahasibu, wanasheria, watunza stoo na, mara moja moja, mtu mzembe.

Mke na mume waliokataa kuhama

Mwaka 1951 Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz, mpiga muziki mzaliwa wa Kuba, walikuwa wakiandaa kichekesho chao I Love Lucy. Enzi hizo vipindi vikubwa vya Marekani vilirushwa mubashara kutoka New York. Watu wa pwani ya magharibi waliletewa nakala hafifu, iliyopatikana kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni. Wawili hawa walitaka kubaki Hollywood. Mfadhili wao, kampuni ya sigara ya Philip Morris, hakutaka wateja wake wa mashariki waone picha zenye ukungu.

Suluhisho likawa kupiga kila sehemu kwa filamu ya sinema ya milimita 35, kamera 3 kwa pamoja, mbele ya watazamaji walioketi ukumbini. Msimamizi wa picha alikuwa Karl Freund, yule aliyepiga filamu ya Metropolis kule Ujerumani. Gharama zikapanda. Mke na mume wakakubali kupunguziwa malipo kwa sharti moja: filamu ziwe mali yao. Televisheni ya CBS ikaona imepata nafuu, maana nani angetaka kukitazama tena kipindi alichokwisha kukiona? Miaka michache baadaye CBS hiyohiyo ilizinunua filamu zile kwa mamilioni ya dola.

Usiku wa tarehe 19 Januari 1953, mhusika Lucy alipojifungua kwenye kipindi, watazamaji walikuwa takribani milioni 44. Kesho yake Rais Eisenhower aliapishwa mbele ya watazamaji milioni 29. Siku ileile ya kipindi, Lucille Ball mwenyewe alijifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji uliopangwa tarehe kabla. Wale jamaa walijua biashara.

Shirika lililofuta hazina yake

Ng'ambo ya Atlantiki mambo yalikwenda kombo. BBC ilirekodi vipindi vyake kwenye mkanda wa video wenye upana wa inchi 2, mzito na ghali, lakini wenye sifa moja ya kuvutia: ukifutwa unatumika tena. Mikataba na chama cha waigizaji iliweka mipaka ya marudio, kwa hofu kwamba ya zamani yakirudiwa ovyo, kazi mpya zitapungua. Majumbani hakukuwa na deki. Kisha ikaja rangi, na vipindi vya nyeusi na nyeupe vikakosa mnunuzi. Mpaka utaratibu ulipobadilishwa mwaka 1978, kanda nyingi zilikuwa zimeshafutwa, na filamu nyingine zimechomwa moto.

Majeruhi anayejulikana zaidi ni Doctor Who, msafiri wa nyakati aliyeanza safari zake tarehe 23 Novemba 1963. Picha za sehemu zake zaidi ya 90 za miaka ya 1960 hazijulikani ziliko. Lakini sauti zipo zote, hakuna iliyokosekana, na BBC haina cha kujisifia hapo. Vijana mashabiki walikuwa wakiweka kinasa sauti mbele ya spika ya televisheni na kuwaomba wazazi wao wanyamaze kwa dakika 25. Leo sauti hizo zinachorewa katuni na kuuzwa upya.

Baadhi ya picha nazo zilirudi, na zilirudi kutoka Afrika. BBC ilikuwa ikiuza vipindi nje kwa nakala za filamu za milimita 16. Kituo kikimaliza kuonyesha kilitakiwa kurudisha filamu, kuiharibu, au kuipeleka kwa kituo kinachofuata kwenye foleni. Katika kituo kimoja cha kurushia matangazo huko Jos, katikati ya Nigeria, hakuna aliyefanya lolote kati ya hayo matatu. Makopo yakabaki kwenye stoo, yakila vumbi kwa miongo. Mwingereza mmoja anayezunguka dunia kutafuta vipindi vilivyopotea ndiye aliyeyakuta. Naye anaitwa Philip Morris, bila uhusiano wowote na zile sigara. Oktoba 2013 BBC ikatangaza kupatikana kwa sehemu 9 zilizodhaniwa zimeangamia. Sehemu ya tatu ya hadithi ya The Web of Fear pekee haikuwemo. Morris alieleza kwamba aliiona na wenzake alipoyakuta makopo, lakini mzigo ulipofika yenyewe haikuwepo. Mpaka leo mashabiki wanaitafuta.

Uzembe wa Jos uliokoa kile ambacho nidhamu ya London ilikiteketeza. Kwa mwenye kabati la makorokoro nyumbani, huo ni utetezi wa kutosha.

Na usidhani ni tamthilia tu. Matangazo ya studio ya BBC ya usiku ule binadamu alipokanyaga mwezi kwa mara ya kwanza, Julai 1969, hayapo. NASA nao walipozisaka kanda zao asilia za picha kutoka mwezini, mwaka 2009 waliishia kusema kwamba inaelekea zilifutwa zitumike kwa kazi nyingine.

Tuje kwetu

Je, wajua kwamba Unguja ilikuwa na televisheni ya rangi kabla Afrika Kusini haijawa na televisheni ya aina yoyote? Zanzibar ilianza mapema miaka ya 1970, ya kwanza ya rangi kusini mwa Sahara. Serikali ya makaburu, pamoja na utajiri wake wote, iliiogopa televisheni na kuizuia hadi Januari 1976. Tanzania Bara ilisubiri zaidi: hadi 1994, vituo binafsi vilipoanza, ITV kikiwa kimojawapo. Miaka yote ya katikati, mwenye seti Dar es Salaam alisimamisha antena juu ya mlingoti mrefu, akaielekeza baharini, na kuomba leo picha isiwe chenga tupu.

Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962, na ndiyo iliyozaa vichekesho vya Kiswahili vilivyodumu kuliko vyote: Vitimbi na Vioja Mahakamani. Mzee Ojwang wa Vitimbi alikuwa na lafudhi ya Kijaluo iliyowafanya watu waape kwamba ametoka Kisumu. Kumbe alikuwa Mkikuyu, jina lake Benson Wanjau, na alipofariki Julai 2015 wako waliokuwa wakilijua hilo kwa mara ya kwanza. Vioja nayo ilikuwa darasa la sheria lililojificha kwenye kicheko. Mshitakiwa anapandishwa kizimbani kwa kosa la kweli, la kuiba kuku au kupika chang'aa, mashahidi wanachanganyana, na hakimu anatoa hukumu huku anajitahidi asicheke. Wahusika wake Ondiek Nyuka Kwota na Othorongongo walifundisha watu wengi maana ya dhamana kuliko wakili yeyote.

Huku Tanzania kulikuwa na Kaole. Kundi hilo la sanaa lilijaza saa za jioni za ITV kwa michezo kama Jahazi na Dira, na ndani yake akakulia Steven Kanumba, aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa filamu za Bongo hadi kifo chake Aprili 2012. Kulikuwa na tamthilia ya Isidingo ya Afrika Kusini, iliyoanza kwao 1998 na kukoma Machi 2020. Mitaani watu walimsema mhusika wake Barker Haines kana kwamba ni baba mwenye nyumba wao. Kulikuwa na Ze Comedy ya kina Joti, Mpoki na Masanja kwenye EATV. Vijana walipohamia TBC mwaka 2008 jina halikuhama nao, wakajiita Orijino Komedi. Kicheko kilikuwa chao, jina la kipindi lilikuwa la kituo. Ni funzo lilelile la Desi Arnaz, ila safari hii upande wa pili wa mkataba.

Sasa jaribu kuvitafuta. KBC imeweka vipindi vyake kadhaa vya zamani kwenye YouTube, na ni jambo la kushukuru, ingawa mimi nikipekua napata vya miaka ya karibuni kwa wingi kuliko vile vya mwanzo. Vya Kaole mara nyingi ni vipande vilivyopakiwa na mashabiki kutoka kwenye mikanda yao ya VHS: picha inacheza, sauti inazama na kuibuka, pembeni nembo ya kituo, na katikati tangazo la sabuni lililokatwa kabla bei haijatajwa. Mimi hulitazama na tangazo. Linaeleza 1999 vizuri kuliko tamthilia yenyewe.

Anayecheka ni nani?

Vile vicheko unavyosikia kwenye vichekesho vya Kimarekani vya kale mara nyingi havikutoka kwa watu waliokiona kipindi. Vilitoka kwenye sanduku. Mhandisi Charley Douglass, aliyewahi kufanya kazi CBS, alilitengeneza miaka ya 1950. Lilikuwa na vibonye kama taipureta: kimoja mwanamke anayecheka chinichini, kingine mwanamume anayeangua kicheko, kingine ukumbi mzima, na pedali ya mguu ya kurefusha au kukata. Alilifunga kwa kufuli na hakuruhusu watu waone ndani. Akiitwa studio alilisukuma kwa magurudumu, akacheka kwa vidole, akalipwa, akaondoka nalo.

Watayarishaji wa M*A*S*H, kichekesho cha madaktari wa jeshi katika Vita vya Korea, hawakulitaka sanduku hilo. CBS ililazimisha. Wakaafikiana kwamba ndani ya chumba cha upasuaji hakuna mtu kucheka. Kitazame leo utaisikia tofauti: wanaingia kwenye chumba cha upasuaji, na kimya kinaanza.

Bomba la bia lililopotea

Hapa ndipo hasira za wapenzi wa vipindi vya zamani zinapowaka, na nawaunga mkono. Televisheni ya chogo ilikuwa na kioo kinachokaribia mraba, upana 4 kwa kimo 3. Televisheni bapa ni 16 kwa 9. Ukionyesha picha ya zamani kwenye kioo kipya inabaki mistari myeusi kushoto na kulia. Wapo wanaodhani mistari hiyo ni hitilafu ya TV, kwa hiyo majukwaa huikuza picha ijae kioo. Ikijaa, juu na chini vinakatwa.

Novemba 2019 Disney+ ilipoanza, ilizionyesha sehemu za kale za katuni ya The Simpsons zikiwa zimekatwa hivyo. Katika sehemu moja ya 1993 Homer anatembelea kiwanda cha bia ya Duff. Ukutani kuna matangi 3 makubwa: Duff ya kawaida, Duff nyepesi na Duff kavu. Juu yao linapita bomba moja tu, linaloingia kwenye matangi yote. Utani wote ni huo: bia ni ileile, kinachobadilika ni lebo. Disney walikata juu, bomba likatoweka, na mtazamaji akabaki kuangalia matangi asijue acheke nini. Kelele zikapigwa, na Mei 2020 wakaweka chaguo la kuona picha kamili.

Somo halikuwafikia wengine. Mwaka 2021 kichekesho cha Seinfeld kiliingia Netflix kikiwa kimekuzwa; kuna sehemu inayohusu shimo barabarani, hata jina lake ni hilo, na mhusika George anaonekana kaliinamia. Shimo lilikuwa chini ya picha. Likakatwa.

Muziki nao ni balaa. Zamani kituo kililipia wimbo uchezwe kwenye matangazo tu. Hakuna aliyewaza kanda wala intaneti. Ndiyo maana WKRP in Cincinnati, kichekesho cha kituo cha redio, kilirudi sokoni nyimbo zake nyingi zikiwa zimebadilishwa, The Wonder Years ilisubiri hadi 2014 kutoka kwenye DVD, na Moonlighting, iliyomtambulisha Bruce Willis miaka ya 1980, haikufika mtandaoni hadi Oktoba 2023.

Desturi za watu

Je, wajua kwamba kila mkesha wa Mwaka Mpya Wajerumani hutazama kichekesho cha Kiingereza ambacho Waingereza wengi hawakijui? Kinaitwa Dinner for One, kilirekodiwa na kituo cha NDR mwaka 1963, urefu wake dakika kama 18. Bibi mmoja anatimiza miaka 90, wageni wake 4 wote wamekwisha kufa, na mtumishi wake analazimika kunywa kwa niaba ya kila mmoja huku akijikwaa kwenye kichwa cha ngozi ya chui milia. Mwigizaji Freddie Frinton alifariki 1968, kabla desturi haijaota mizizi. Uingereza ilikionyesha kikamilifu kwenye televisheni kwa mara ya kwanza mkesha wa 2018.

India nayo ilimrudia Rama. Ramayan, tamthilia ya Ramanand Sagar ya 1987 na 1988 kuhusu mungu huyo wa Wahindu, ilikuwa ikiacha barabara tupu kila Jumapili asubuhi. Serikali ilipowafungia watu ndani Machi 2020, televisheni ya taifa, Doordarshan, ikaitoa kabatini, na tarehe 16 Aprili ikadai watazamaji milioni 77 na rekodi ya dunia. Wajuzi wakaja na hesabu zao: sehemu ya mwisho ya M*A*S*H, Februari 1983, ilitazamwa na watu karibu milioni 106 Marekani peke yake.

Novemba 2020 Netflix ilifanya jambo la kuchekesha kuliko yote haya. Kule Ufaransa ilianzisha chaneli iitwayo Direct, yenye ratiba iliyopangwa, kipindi baada ya kipindi, mtazamaji hachagui kitu. Yaani televisheni. Sababu iliyotolewa ni kwamba wapo wanaochoka kuchagua. Majukwaa mengine yana chaneli zinazorudia kipindi kimoja cha zamani saa 24, na matangazo ya biashara katikati, bure. Kwetu huku kuchagua kuna gharama yake: unatumia nusu saa kupekua mabango, ukishapata cha kutazama bando limekata.

Ile mikanda iliyo juu ya kabati

Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016. Deki zilizobaki duniani ndizo hizohizo, na zinakufa. Mikanda nayo inakufa. Kanda nyingine za kitaalamu za studio hunyonya unyevu, gundi inayoshika chembe za sumaku inalainika, na mafundi hulazimika kuzioka kwenye joto la nyuzi kama 50 kwa saa nyingi ili zikubali kuchezwa mara moja ya mwisho. Usijaribu hilo na VHS yako kwenye oveni ya mama.

Adui wa VHS kwa hali ya hewa ya pwani ni ukungu. Fungua kile kifuniko cha mbele na umulike kwa tochi: ukiona vumbi jeupe kingoni mwa utepe, usiuweke kwenye deki, maana utachafua vichwa vyake na kila mkanda utakaofuata. Mpelekee fundi anayehamisha picha kwenda kwenye kompyuta, umwambie mapema. Iliyo safi ihifadhi imesimama kama vitabu, mbali na spika, na kabla ya kuhamisha chochote kata kile kijino cha plastiki nyuma ya kaseti ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya.

Na usiamini lebo. Mkanda ulioandikwa "Harusi ya Shangazi" una saa 3, harusi ilichukua saa 2, na wakati ule hakuna aliyekubali kupoteza mkanda. Isukume mbele kupita keki na zawadi. Nusu ya Kaole inaweza kuwa iko pale.